Mpagazi, Gari na Reli: Jinsi Mzigo Ulivyohama Begani

Lugha yafanana na ghala la mzee. Vyombo visivyotumika tena bado vimo ndani, na aingiaye asiyejua kazi yake ya kwanza huvitwaa na kuvitumia kwa kazi nyingine. Ndivyo yalivyo maneno mengi ya safari katika Kiswahili. Leo mtu asemapo hongo, maana yake ni rushwa. Zamani hongo ilikuwa ushuru uliotolewa waziwazi kwa mtemi, ili msafara upite katika nchi yake kwa amani. Asemapo mitumba, maana yake ni nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo. Zamani mtumba ulikuwa robota la nguo mpya, lililofungwa refu na jembamba ili likae vema begani mwa mtu. Posho ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi; leo katika Tanzania ni fedha apewayo mtumishi aliye safarini au mkutanoni, na katika Uganda ni ugali wenyewe. Maneno haya matatu yalikulia njiani, kati ya pwani na maziwa makuu. Kazi iliyoyakuza imekwisha kwa sehemu kubwa, lakini yenyewe yamebaki.

Twapenda kueleza hapa jinsi kazi hiyo ilivyoondoka, na sababu yetu ni hii. Siku moja mwanafunzi alituambia darasani ya kuwa babu zetu walichukua mizigo vichwani kwa kuwa hawakuwa na akili ya kutengeneza gari. Wenzake wakacheka, nasi hatukuwa na jibu jema siku ile. Makala haya ni jibu lililochelewa. Swali lenyewe ni kubwa kuliko mwanafunzi yule alivyodhani: kwa nini gurudumu, lililojulikana ulimwenguni kwa maelfu ya miaka, halikufaa kitu katika njia zetu, na lilipofaa hatimaye, kwa nini faida yake iliwafikia wengine na kuwapita wengine?

Tuanze na mpagazi mwenyewe. Jina lake latokana na kupagaa, yaani kuchukua mzigo begani au kichwani. Mzigo wa desturi ulikuwa kama frasila mbili, nazo ni kilo 30 na kitu. Juu yake aliongeza mkeka wake, chungu chake, na mara nyingi silaha. Kwa siku aliweza kwenda kilometa 15 au 20, ikiwa njia ni njema na maji yapo. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Ni zaidi ya miezi minne. Stanley, aliyekwenda kwa haraka, alitoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871 akaingia Tabora mwezi wa Juni. Ni miezi mitatu.

Sasa na tufanye hesabu, maana hapa ndipo penye kiini cha habari. Mtu achukuaye kilo 30 hula kiasi cha kilo moja ya nafaka kwa siku. Kama mzigo wake ni nafaka, naye ala katika mzigo huo huo, baada ya siku 15 nusu imekwisha, na nusu iliyobaki yahitajiwa kumrudisha kwao. Basi hawezi kufikisha hata punje moja mahali palipo mbali zaidi ya mwendo wa siku 15. Ni kweli misafara ilinunua chakula njiani. Lakini kililipwa kwa nguo na shanga, nazo zilichukuliwa na watu vilevile. Kwa hiyo kitu cha kwenda mbali kilipasa kuwa na thamani kubwa kuliko uzito wake. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga na nyaya za shaba zikapanda bara. Pamoja na hivyo, kwa aibu ya nyakati zile, walishuka watumwa, ambao walitembezwa kwa miguu yao wenyewe. Mtama, karanga na pamba havikuweza kutoka Unyamwezi hadi baharini. Watu walijua kulima. Ila gharama ya njia ingaliimeza bei yote. Mkulima aliyepata mavuno mara mbili ya jirani yake aliweza kuyala, kuyagawa, au kuyaacha yaliwe na fukusi. Kuyauza mbali hakuweza.

Walakini tusidhani kwamba upagazi ulikuwa kazi ya kudharauliwa. Wapagazi wengi wa njia ya Unyamwezi walikuwa watu huru, waliopatana ujira wao na kuugomea walipopunjwa. Walikuwa na kirangozi wao aliyetangulia mbele na alama zake, walikuwa na taratibu zao za kambi, na kijana aliyefika pwani akarudi salama alihesabiwa kuwa mtu mzima. Nayo kazi ilipatana na majira: walisafiri wakati wa kiangazi, wengi wakarudi kwao kwa kilimo cha masika. Jambo hili la majira na likumbukwe, maana tutalirudia.

Sasa tulitazame gurudumu. Si kweli kwamba halikujaribiwa. Mwaka 1876 Roger Price wa misheni ya London Missionary Society, aliyezoea magari ya ng'ombe ya kusini mwa Afrika, alikwenda na ng'ombe wachache kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akaona njia yafaa. Mwaka uliofuata wakaja wenzake na magari na ng'ombe wengi. Ng'ombe wakafa, safari ikaharibika. Mwaka huo huo wa 1877 Alexander Mackay wa Church Missionary Society, fundi mwenye elimu ya mitambo, alikata barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, kilometa kama 370. Barabara ikapatikana, lakini ng'ombe wa kuvuta magari wakafa vilevile. Wakati huo barabara nyingine ilianzwa Dar es Salaam kwa fedha za William Mackinnon. Ikafika zaidi ya kilometa 100, ikaachwa mwaka 1881. Mwaka 1879 Leopold, mfalme wa Ubelgiji, aligharimia tembo wanne waliofunzwa kazi India; wakashushwa Msasani, wakapelekwa bara, nao wakafa mmoja mmoja, shauri likaachwa.

Hao wote walikuwa watu wenye elimu, fedha na bidii, na magari yao yalikuwa mazima. Waliwashinda ni mdudu. Mwaka 1895 David Bruce, akiwa Zululand, alionyesha ya kuwa ugonjwa wa nagana huletwa na vijidudu vya damu vinavyochukuliwa na mbung'o. Wenyeji hawakuwa na darubini, lakini walijua siku nyingi mahali gani ng'ombe hawaishi. Gari bila mnyama wa kulivuta ni sanduku zito lenye magurudumu, na mwenye akili haliburuti maporini. Basi babu zetu hawakukosa akili walipotumia mabega. Walitumia chombo pekee ambacho mbung'o hakukiangusha njiani.

Hapo twaweza kufahamu reli ilileta nini hasa. Gurudumu lilikwisha kuletwa, likashindwa. Reli ilileta mnyama asiyeugua nagana, alaye kuni na makaa, anywaye maji, asiyelala. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikasuasua kwa kukosa fedha, ikafika Moshi mwaka 1911. Reli ya Mombasa ilianza mwaka 1896, ikagusa ziwa mahali paitwapo leo Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Reli ya kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzo wa mwaka 1914. Wala haikujijenga yenyewe. Kwa reli ya Mombasa waliletwa watu zaidi ya 30,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Kwa reli ya kati walifanya kazi Waafrika kwa maelfu, wakiwamo Wanyamwezi wengi, yaani wapagazi wale wale ambao reli ilikuwa yaja kuwaondoa njiani.

Turudie hesabu yetu. Mpagazi mwenye kilo 30 akienda kilometa 20 kwa siku, amefanya kazi ya kupeleka tani moja umbali wa mita 600. Tuseme treni ina tani 100, nayo yaenda kilometa 200 kwa siku; hiyo yafanya kazi ya wapagazi zaidi ya 33,000. Ni haki tutoe watu wa stesheni, wakata kuni, mafundi, watengenezaji wa njia, na deni la ujenzi. Hata tukiwatoa wote, tofauti yabaki kubwa kiasi cha kugeuza mambo ya nchi nzima. Vitu ambavyo havikuweza kusafiri vikaanza kusafiri. Mwaka 1903 Kristen Borup wa Kampuni ya Uganda, iliyoanzishwa na marafiki wa misheni, aligawa mbegu za pamba. Miaka michache baadaye pamba ikawa zao kuu la Uganda la kuuzwa ng'ambo. Udongo ule ulikuwapo tangu zamani, na mikono ya kulima ilikuwapo. Kilichoongezwa ni njia ambayo haikumeza bei.

Lakini hapa yatupasa kuangalia sana, maana ndipo watu wengi wanapokosea wanapozungumza juu ya maendeleo. Reli ilikuwa na miisho, na kila stesheni ilikuwa mwanzo wa njia nyingine isiyo na reli. Pamba ilipolimwa kila mahali, ni nani aliyeifikisha ziwani? Ilifikishwa vichwani, au kwa mikokoteni iliyosukumwa na watu. Hivyo kwa miaka ya kwanza chombo kipya kiliongeza mizigo ya mabegani kando kando ya njia yake, kabla ya kuipunguza. Safari ndefu ya mpagazi ilikufa, ila safari fupi ikazaa watoto wengi. Mnyororo haupimwi kwa pete yake iliyo nene. Hupimwa kwa ile nyembamba.

Wala faida haikuanguka sawasawa kama mvua. Bagamoyo, mji uliopokea misafara kwa miaka mingi, ulipitwa na reli, nao ukanyamaza. Reli ya Mombasa ilipofika ziwani, biashara ya Mwanza na Bukoba ilivuka maji kwenda Kisumu. Tabora, iliyokuwa njia panda ya nchi nzima, ikaona mizigo ikiizunguka kwa kaskazini miaka kumi kabla ya kupata reli yake. Reli ya Tabora hadi Mwanza haikumalizika mpaka mwaka 1928. Mji haukuhitaji kufanya kosa lolote ili uanguke. Ilitosha njia ipite mahali pengine.

Na mpagazi mwenyewe je? Wengine walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, na hapo Kiswahili kikapata neno jipya: manamba, yaani watu waliojulikana kwa namba walizoandikiwa. Tulisema upagazi ulipatana na majira. Mkataba wa shambani haukujua majira. Mtu aliondoka kwao, mvua zikaja na kupita, mkewe akalima peke yake. Kama tukihesabu mkonge uliotoka Tanga, twaona ongezeko. Kama tukihesabu na mtama ambao haukulimwa kule alikotoka mtu huyo, ongezeko lapungua. Hesabu ya pili mara nyingi haikuandikwa, kwa kuwa mtama wa nyumbani haukupita stesheni.

Kisha vikaja vita vya 1914, vikatuonyesha kwa ukali kwamba chombo kikikosa mwendelezo, mzigo hurudi begani. Majeshi yalipoiacha reli na kushuka Rufiji, Songea na Msumbiji, farasi na ng'ombe walikufa kwa nagana, magari ya petroli yakazama matopeni. Waingereza wakaandikisha wachukuzi kwa mamia ya maelfu, na Wajerumani wakafanya vivyo hivyo kwa upande wao. Ile hesabu ya kilo 30 na siku 15 ikarudi kudai haki yake: wachukuzi walikula mizigo yao, wakahitajiwa wachukuzi wengine wa kuwaletea hao chakula, na wengine nyuma yao tena. Kwa upande wa Waingereza peke yake wanahistoria huhesabu vifo vya wachukuzi kiasi cha 95,000 au zaidi, wengi wao kwa kuhara, homa na udhaifu wa njaa, si kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka jina hilo Kariakoo, na leo ni jina la soko kubwa la Dar es Salaam. Nairobi nako liko soko lenye jina lililotoka huko huko. Maelfu huingia kununua na kuuza hapo kila siku, na ni wachache wajuao kwamba wanalitaja kaburi.

Baada ya vita lori likaenea, nalo likaziba pengo ambalo reli haikuliziba. Hapa wapenzi wa lugha wana ushahidi mzuri. Reli ilituletea maneno machache: reli yenyewe, stesheni, tikiti, behewa, taruma, nayo karibu yote ni ya abiria na ya watazamaji. Maarifa ya kuitengeneza yalifungwa ndani ya karakana zake. Lori, kinyume chake, lilituletea breki, gia, jeki, spana, pancha, gereji, na mengine mengi, nayo yamefika hata vijiji visivyo na lami. Sababu ni kwamba lori huharibika kijijini, na kijiji hulazimika kulitengeneza. Kwa hiyo mtu akitaka kujua kama chombo kimeingia kweli katika nchi, asiulize tu vimenunuliwa vingapi. Aulize ni nani avitengenezaye vikivunjika, na kwa maneno ya nani. Chombo ambacho hakijapata maneno vinywani mwa mafundi wa nchi bado ni mgeni, hata kikikaa miaka hamsini.

Katika siku zetu reli mpya zimejengwa. Treni ya Mombasa hadi Nairobi ilianza mwaka 2017, na treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Safari iliyokuwa ya majuma mengi imekuwa ya saa chache, nasi twafurahi pamoja na wote. Lakini msomaji akiingia Kariakoo asubuhi, atawaona vijana wakisukuma mikokoteni iliyopakiwa juu kupita vichwa vyao, na wengine wakiwa na marobota migongoni, yakitolewa ghalani kwenda dukani. Pete nyembamba ya mnyororo ingali pale, naye anayeishika ni mtu.

Na tukitoka mjini twakuta wapagazi wengine, ambao historia haikupata kuwaita kwa jina hilo. Ni wanawake na wasichana wachukuao maji, kuni na mavuno vichwani. Hawakuhesabiwa katika misafara, wala katika reli, wala katika vita, kwa kuwa hawakuandikwa kwenye daftari la mtu ye yote. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Twaogopa kwamba methali hii yatuhusu sisi walimu wanaume zaidi kuliko watu wengine, maana wengi wetu tulisoma chini ya taa ambazo maji na kuni za nyumba zake vililetwa na dada zetu.

Basi jibu letu kwa mwanafunzi yule ni hili. Babu zako walikuwa na akili ya kutosha. Walikosa mnyama anayestahimili mbung'o. Waliokuja na magari walikuwa na akili ya kutosha, nao wakashindwa na mdudu yule yule. Chombo kipya hakizai kwa kuwapo tu. Chazaa kinapopata nguvu ya kukivuta, njia ya kukipitisha, fundi wa kukitengeneza, na mwendelezo mpaka mlangoni pa mtu wa mwisho. Na pale mwendelezo unapokatika, bega la mtu hulipa. Wala si lazima aliyelipa awe ndiye aliyefaidi.

Twawaomba ndugu zetu walimu wafanye somo moja dogo. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, nayo ni theluthi mbili za mzigo wa mpagazi wa Unyamwezi. Wanafunzi na waulizwe kisima kiko mbali kiasi gani, na ni nani nyumbani mwao aendaye, na mara ngapi kwa siku. Kisha na wafanye hesabu ile ile tuliyoifanya hapa, ya uzito na umbali, kwa juma na kwa mwaka, wakaiandike ubaoni karibu na hesabu ya treni. Tena wayakusanye maneno yatumikayo kwao kwa kuchukua mizigo, ya zamani na ya sasa, maana maneno hayo yatapotea kabla ya mizigo yenyewe.